Mkono wa Mwalimu Sila

Miaka ya tisini, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye nguvu akijaribu bahati yake, Ruthu, ambaye majirani walimwita mama Denis, alifungua duka dogo pale Chamwino. Aliuza sabuni, chumvi na kanda za kwaya. Kanda ndizo zilizomwingia kichwani. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya kanisa lao, na akaona nao warekodi.

Mwalimu wa kwaya alikuwa Sila, mkulima wa uwele aliyefundisha sauti zote nne kwa sikio tu. Mwaka waliotaka kurekodi mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kisha hatua zikawa fupi, uso ukakakamaa, sauti ikafifia.

"Anakunywa," Ruthu aliwaambia wazee wa kanisa. "Hamjamwona asubuhi? Hata kikombe kinamshinda. Tukienda studio na mlevi tutachekwa."

Hakuwahi kumwona na pombe. Alilijua hilo alipokuwa akisema, na akaendelea kusema.

Sila akaondolewa. Hakubisha. Alijifungia ndani ya nyumba yake ya tembe yenye giza, na mkewe, Anyesi, akawa anakwenda shamba peke yake. Kwaya ikarekodi na mwalimu mwingine, kanda ikauzika vizuri. Mvua zikaja, zikaisha, Sila hajatoka.

Siku moja Anyesi alikuja dukani anahema. "Mama Denis, nisaidie. Mzee ameanguka mlangoni. Nataka kumpeleka hospitali mjini, na peke yangu simuwezi."

Ruthu akafunga duka.

Daktari alimtembeza Sila, akamgeuza, akamwambia agonganishe vidole. Akauliza kama anatumia pombe.

"Hajawahi kuionja," Anyesi akasema.

Ruthu akatazama sakafu.

"Huu ni ugonjwa wa Parkinson," daktari akasema. "Unatoka kwenye ubongo. Nitampa dawa, ingawa hazitauondoa. Siku hizi anashinda wapi?"

"Ndani," Anyesi akajibu.

"Hapo ndipo mnapokosea. Atoke. Jua linaupa mwili vitamini D, na mifupa ikiwa na nguvu haitavunjika ovyo akianguka. Kutembea nako kunazuia viungo visikakamae. Wapo wanaodhani jua na mazoezi vinaweza hata kumkinga mtu asiupate, au kuuchelewesha. Hilo bado halijathibitika."

Njia nzima ya kurudi Ruthu alijiuliza. Kama Sila angebaki kwenye kwaya, akitembea kwenda mazoezini, akisimama na kupunga mikono kila jioni, je, ugonjwa ungekwenda mwendo huu? Labda ungekwenda vilevile. Labda sivyo. Hakuna ambaye angeweza kumwambia, na hilo ndilo lililomtafuna.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Sila.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Twende tukaote jua."

Walipofika kizingitini, miguu ya Sila ikaganda kama imegundishwa sakafuni. Akasukuma mwili, miguu ikakataa. Ruthu, bila kufikiri, akapiga makofi na kuanza wimbo ambao Sila mwenyewe aliwafundisha. Mguu mmoja ukainuka. Wa pili ukaufuata. Wakatoka hivyo, kwa mapigo ya wimbo, hadi kwenye mashamba ya zabibu.

Huko Ruthu akashindwa kujizuia. "Mwalimu, ni mimi niliyesema unakunywa."

"Najua, mama Denis. Wazee waliniambia siku ileile."

"Mbona hukujitetea?"

"Ningesema nini? Mwenyewe sikujua nina nini. Nilidhani nimelogwa. Kuitwa mlevi kulikuwa afadhali."

"Nisamehe."

Sila alipiga hatua moja. "Tuendelee kutembea," akasema. "Nikisimama sana nitaganda tena."

Jumapili iliyofuata Ruthu alisimama mbele ya wazee wa kanisa, akasema alivyomsingizia Sila. Wakaenda kumwomba Sila radhi. Akarudi kwenye kwaya, akawa anakaa kwenye kiti karibu na sauti ya nne, kwa kuwa kuongoza hakuweza tena.

Walitembea pamoja asubuhi baada ya asubuhi. Mkono haukuacha kutetemeka. Lakini alivaa shati bila kusaidiwa, na siku nyingine alifika dukani peke yake akijiimbia chinichini.

Wanawake waliokuja kununua walimsifu Ruthu. "Mama Denis una moyo. Hata ndugu hawafanyi hivyo."

Ruthu aliinama nyuma ya meza ya duka kama anayetafuta kitu, akabaki huko chini mpaka waondoke.