Mahindi Yaliyopita Bondeni

Nilikuwa bado mgeni Chilangala, juu uwandani Newala, nimeolewa kutoka Lukuledi bondeni, mwaka ule mvua ilipokatika mahindi yakiwa magotini. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kupanda kwetu na malori yao, na neno soko huria lilikuwa mdomoni mwa kila mtu.

Afisa alikuja kutoka Newala, tukakusanyika barazani pa shule. Akasema mkoa umepata mahindi machache ya msaada, hivyo wa bondeni, huko kwetu Lukuledi, watatangulia. "Nyie mna mikorosho," akasema. "Uzeni, mnunue chakula."

Mama mkwe wangu akasimama. Afisa akamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hizo korosho zinaokotwa mwezi huu?"

Watu wakacheka. Afisa hakucheka. Akajibu taratibu, "Najua mama, si msimu. Lakini mahindi hayatoshi kote, na wao hata mikorosho ya kungojea ni michache."

Tangu siku ile, kisimani nilisemwa. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, aliniambia mbele za watu, "Wewe huna shida. Wenzako wa bondeni wanakula ugali wa serikali." Nililia njia nzima, ndoo kichwani.

Mama mkwe hakunibembeleza. Alinipa jembe, tukaingia porini kuchimba ming'oko. Alinionyesha namna ya kufuata mzizi bila kuukata, kuchemsha kwa chumvi, na kuambua ganda kwa meno. Tulikula tukiwa tumekaa chini mlangoni, midomo imejaa vumbi, naye akinicheka jinsi nilivyotafuna na maganda. Siku hizi nikiikuta ming'oko sokoni Masasi hununua, lakini utamu ule siupati.

Siku moja mchana akatokea dada yangu mkubwa, amepanda lori la mizigo, ana debe la mahindi. Nikamuuliza watoto wake watakula nini.

"Tulichopewa si kingi," akasema, "lakini kila nikisonga ugali nakuona wewe. Umekonda, mdogo wangu."

Nilidhani mama mkwe ataficha debe lile uvunguni. Akalileta uani, akanituma niwaite majirani, na yule aliyenisema akiwemo. Akawagawia kwa bakuli, kila nyumba sawa. Yule jirani alipokea ameinamisha macho. Jioni akarudi na ndoo ya maji, na kwetu Newala maji hayagawiwi ovyo. Akasema, "Mgeni wako aoge." Basi.

Mahindi ya serikali yalitufikia nasi baadaye, kunde mpya zikiwa tayari jikoni. Tuliyachukua, tukashukuru.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi iliyofuata siku ile ya debe: dada yangu na mama mkwe wanatwanga kinu kimoja, huyu anaimba Kimakua, yule anaitikia Kimakonde, hawaelewani maneno, na michi haigongani.