Nilichomwambia Juji

Juzi, redioni hapa Beni, juji mmoja, yaani hakimu, alieleza kwamba Wakongomani wote wako sawa mbele ya sheria. Nikaizima.

Alasiri moja ya vita, kule Butembo, Mama Espérance alinipeleka tribinali, mahakamani. Alikuwa jirani yetu, nami nilikua kwa maziwa ya ng'ombe wake. Watu walikuwa wakisema ni mgeni kutoka Rwanda kwa sababu ya pua yake, basi akaniomba nimtetee. Chumba kilinuka makaratasi yaliyonyeshewa.

Juji alisoma maneno yale yale ya usawa kwa sauti tamu kama ya padri, kisha akaniuliza, “Mutoto, ule mama anaimbiaka batoto yake mu luga gani?”

Nikadhani kusema ukweli ndiko kumsaidia. “Mu Kinyarwanda, papa juji. Anaimbaka muzuri sana!”

“Donc, basi, usawa ni ya Bakongomani,” alisema juji, “na huyu hapana Mukongomani.”

Katika sheria ile hapakuwa na neno lolote kuhusu nyimbo. Hilo nilikuja kulijua ukubwani. Kesho yake nilipeleka kopo langu la maziwa kwa Mama Espérance kama kawaida. Mlango ulikuwa wazi, nyumba tupu, na ng'ombe alikuwa analia, chuchu zimejaa.