Mwizi Aliyeacha Pete Akachukua Nyanya

Mwizi gani anaingia nyumbani kwa mtu, anaipita simu mezani, anaipita pete ya dhahabu kando ya sinki, anaenda moja kwa moja dirishani na kuiba miche ya nyanya?

Nauliza kwa sababu yalinikuta mimi.

Na msicheke. Nilivyowaka siku ile, mume wangu Talgat alijifungia bafuni akasema anaoga. Maji sikuyasikia.

Naitwa Shynar, naishi Kokshetau, kaskazini mwa Kazakhstan. Kwetu Machi kalenda inasema majira ya kuchipua yamefika, ukichungulia nje theluji imefika kiunoni. Ukisema usubiri udongo uyeyuke ndipo upande nyanya, hutazila. Mwisho wa Agosti baridi imesharudi na kila kitu kimekufa kikiwa kijani.

Kwa hiyo tunaotesha ndani. Kuanzia Februari, madirisha ya mji mzima yamejaa katoni za maziwa zilizokatwa, na kila katoni ina mche. Kwangu dirisha la sebuleni halifunguki mpaka Mei. Talgat anakunywa chai amesimama, kikombe hakina pa kukaa.

"Mke wangu, mimi na hizi nyanya, nani alikuja kwanza humu?" aliwahi kuniuliza.

"Wewe," nikamjibu. "Lakini wewe huzai."

Sasa, mwaka ule sikuwa na mzaha na miche. Mama yangu, Kulyash, alikuwa amefariki Oktoba. Mama alikuwa na nyanya yake ya peke yake, kubwa, ya rangi ya waridi, tamu mpaka unalamba kisu. Na ilikuwa inawahi kuiva kabla ya baridi, jambo ambalo nyanya kubwa kwetu haziwezi. Dukani haipo. Kwa jirani haipo. Mama aliniachia mbegu zake ndani ya kiberiti, na kwa kuwa zilikuwa kuukuu na niliogopa zisiote, nikazimwaga zote udongoni kwa mkupuo.

Zikaota chache. Ndizo hizo basi. Zikifa hizo, nyanya ya mama imekwisha duniani.

Na kuna neno aliniachia akiwa kitandani: "Shynar, ile nyanya usimpe Frida."

Nikasema sawa, mama. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ninajua.

Frida apa, yaani mama Frida kwa heshima, ni Mjerumani wa hapa hapa, ukoo wao uliletwa huku zamani, mkubwa kuliko mama kwa miaka miwili, mwenyekiti wa klabu yetu ya bustani tangu sijaolewa. Mwanamke wa amri huyo! Mwisho wa Machi anatutoa wote kwenda kwenye viwanja vyetu vya bustani nje ya mji kumwaga majivu juu ya theluji iyeyuke haraka. Halafu anatupa majembe tujaze theluji ndani ya vibanda vya plastiki, iyeyuke inyweshe udongo. Tunakohoa, pua zinachuruzika, yeye anapiga kelele, "Mnapaka poda au mnafanya kazi?"

Na masharti yake sasa! Asitoe mtu nyanya nje kabla ule mti wa maua meupe pale stesheni haujachanua na ile baridi ya mwisho inayofuata maua yake haijapita. Na kubwa kuliko yote: ukipewa mche, marufuku kusema asante. Ukishukuru, mche haushiki mizizi.

Hilo si la Frida peke yake, kwetu karibu wote wanaliamini. Wazee wanaenda mbali zaidi, wanasema mche unaoshika vizuri kuliko yote ni ule ulioibwa. Mimi nilikuwa nawacheka. Nina kipimajoto, nina taa za miche, mambo ya kunyamaza kwa ajili ya nyanya ya nini?

Basi. Klabu yetu ina desturi, kila Jumamosi ya Machi tunaenda kwa mwenzetu mmoja kuangalia dirisha lake. Tunakunywa chai ya maziwa, tunakula baursak, yale maandazi yetu ya duara, tunakosoana miche. Zamu ya mwisho ikafika kwangu.

Wakaja wamejaa sebule. Frida akasimama mbele ya dirisha langu muda mrefu.

"Hizi ndizo za Kulyash," akasema mwishowe.

"Ndizo, apa."

"Unazimwagilia mno."

Roho ikaniuma. Mtu hajasema pole, hajasema zimependeza. Nikaenda zangu jikoni kuongeza baursak.

Walipoondoka ndipo nikaona. Katoni tatu zimebaki na shimo katikati. Mtu amechomoa miche na udongo wake, tena kwa ufundi, hata punje haikumwagika kwenye zulia.

"Talgat!"

"Sijagusa kitu!" Huyo tayari anaelekea bafuni.

"Nani kaniibia?"

Akasimama mlangoni akajikuna kichwa. "Sijui. Ila Frida apa nimempisha kwenye ngazi. Alikuwa kichwa wazi, kofia yake ya manyoya kaikumbatia kifuani kama amebeba paka."

Nje baridi ya kugandisha kope. Bibi wa zaidi ya sabini anatembea kichwa wazi?

Jamani! Mama yangu hajamaliza hata mwaka kaburini, na mtu aliyekatazwa asipewe amekuja kunywa chai yangu akaniibia mbele ya macho yangu!

Jumamosi iliyofuata tulikutana chini ya maktaba, kwenye chumba cha klabu. Frida anafundisha kumwagia maji ya moto vichaka vya zabibu mwitu kabla havijaamka, ili wadudu wafe. Nikasimama. Sikungoja nafasi.

"Frida apa, umeniibia miche."

Rauza, rafiki yangu, akanivuta sketi. Nikamtoa mkono.

"Umeiba nyanya za marehemu! Mama alijua! Aliniambia kabisa nisikupe!"

Frida aliweka birika chini. Akaniangalia kwa macho yake ya buluu, wala hakushtuka.

"Zilizobaki zinaendeleaje?" akaniuliza.

Hebu fikirieni! Mtu umemwita mwizi mbele ya klabu nzima, yeye anauliza hali ya zilizobaki. Na kikongwe mmoja kule nyuma akacheka! Nikaona wananifanya mjinga. Nikawaambia najitoa, klabu yenu kaeni nayo, na majivu yenu, na mti wenu wa stesheni. Nikabamiza mlango. Ulikuwa mzito, ukanirudia begani.

Wiki nzima Rauza ananipigia.

"Shynar, rudi. Hujui unachofanya."

"Mwizi ni yeye, wa kurudi niwe mimi?"

"Hebu kaa naye tu. Kunyweni chai."

"Nitakunywa naye chai siku atakayonirudishia nyanya zangu."

"Sasa hapo ndipo unapokosea, shoga," akasema, halafu akakata simu. Nikazidi kuchukia. Kila mtu anajua kitu, hakuna anayesema.

Mwisho wa Aprili jua likatoka vibaya sana. Siku nne joto, theluji ikaondoka, watoto wakavua makoti. Nikaangalia miche yangu dirishani, imerefuka, shingo zimepinda. Nikaangalia kipimajoto. Nikasema ngoja niwaonyeshe. Wao wakae wanasubiri mti uchanue, mimi nyanya za mama zitakuwa zimeshashika kwenye kibanda, nitakula Julai mbele yao.

Nilimlazimisha Talgat tukazipeleka zote kiwanjani. Kibanda nimekifunika plastiki mara mbili. Ndani joto, unatoka jasho.

"Mti wa stesheni umechanua?" Talgat akauliza.

"Na wewe umejiunga na klabu?"

Akaingiza katoni nyingine kibandani. Ni mtu mwerevu kwenye mambo ya kunyamaza.

Siku ya tatu niliamka nikaona dirisha la chumbani limechorwa maua ya barafu. Sikupiga hata mswaki. Nilienda kiwanjani na koti juu ya nguo za kulalia, nikafungua kibanda.

Zote zilikuwa zimelala. Nyeusi, zimelowa, kama mchicha uliochemshwa ukasahaulika jikoni. Nikapekua mmoja mmoja nikitafuta hata wenye kijani shingoni. Hakuna.

Nilikaa chini kwenye udongo ule nikalia. Nikamwambia mama anisamehe. Halafu nikakasirika na mama pia, kwa nini aniachie mimi kitu kama hiki, mimi nisiyesikia la mtu.

Mchana simu ikalia. Frida.

"Jalidi ya usiku imepita kwako?"

Nikajifuta kamasi.

"Njoo unywe chai," akasema, akakata.

Nilienda. Sijui nilienda kugombana au kufanya nini. Anakaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti, nikapanda nimejaa maneno mdomoni. Akafungua mlango, hata viatu sijavua, nikaona dirisha lake.

Zilikuwepo. Tatu. Nene, fupi, majani ya kijani kilichokoza kwa afya. Kazipandikiza kwenye ndoo ndogo za mayonezi.

"Kumbe kweli ni wewe!"

"Ni mimi. Ulidhani nani? Paka?"

"Kwa nini usiniombe?"

"Ungenipa?"

"Nisingekupa! Mama alikataza!"

"Alikataza vizuri. Ya kupewa isingeshika." Akaketi taratibu, akajisugua magoti. "Mwanangu, hiyo nyanya mama yako aliitoa wapi?"

Sikuwahi kuuliza.

"Aliitoa dirishani kwangu. Mbegu alikuja nazo bibi yangu mimi. Kulyash alikuwa mwali mgeni mtaani, akaja kufuma soksi na mimi, akaondoka na mche kwenye ndoo ya maziwa. Nilimwona. Nikaangalia ukutani."

"Mama aliiba?"

"Mwaka wa pili baridi ikaniulia zote. Nikaenda kwake kunywa chai, nikaiba wangu. Mwaka mwingine panya wakaula wake, akaja akaniibia. Hivyo hivyo, mpaka juzi juzi. Hata mara moja hatukupeana. Na hata mara moja haikukosa mahali pa kukaa."

Hapo ndipo nikakumbuka. Utoto wangu wote, Frida akija kwetu, mama alikuwa anakwenda jikoni kuchemsha chai, na chai hiyo haichemki. Nilikuwa namwona anasimama tu kando ya birika amekunja mikono, anaimba kidogo kidogo. Nilidhani mama ni mzito wa kazi.

"Sasa kwa nini hukusema pale klabu? Nilikutukana mbele za watu!"

"Nikisema nawe ukakubali, si itakuwa umenipa ruhusa? Na ruhusa si ni kupewa?" Akaniangalia kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. "Halafu ulikuwa unazimwagilia mno. Nikasema huyu ataziua. Bora nipate hata tatu."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikafungua mdomo. "Frida apa, as..."

"Nyamaza!" Alipiga meza vikombe vikaruka. "Usithubutu!"

Akasimama kwa kujishikilia. "Naenda kuchemsha maji. Birika langu siku hizi linachelewa sana."

Akaingia jikoni akanipa mgongo. Nikamsikia anaanza kuimba kidogo kidogo, wimbo ule ule wa mama.

Wallahi! Mwanamke mzima, mke wa mtu, nikavua kofia yangu, nikainua ndoo moja nikaiweka ndani yake. Nikafikiri kidogo. Nikageukia nyingine pembeni.

"Hiyo ya pembeni ni pilipili!" akapiga kelele kutoka jikoni, bila kugeuka.

Mche ule ulishika. Nilisubiri mti wa stesheni uchanue, nikasubiri baridi yake ipite, nikarudi klabu kupokea amri kama wengine. Agosti nilipata nyanya mpaka nikachoka, na mbegu nikazikausha.

Sasa mwaka huu. Machi, zamu ya kwangu, nimepika baursak, nimepanga katoni karibu na mlango, nimekaa jikoni mpaka chai imepoa. Wageni wameondoka, nakuja kuangalia, hakuna hata mche mmoja uliopotea. Frida hakuja.

Nilichukia sana. Nikampigia.

"Mbona hukuja kuniibia?"

"Magoti, mwanangu. Ngazi zako siziwezi tena. Za kwangu nashuka mara moja tu kwa siku, kukaa juani."

Ningefanyaje? Kumpelekea ni kumpa.

Kesho yake nikamkuta amekaa kwenye benchi mbele ya jengo lao, na kofia yake ya manyoya. Nikakaa pembeni yake. Nikatoa mche kwenye mfuko, nikauweka katikati yetu kana kwamba unanielemea. Halafu nikageuka upande wa barabara, nikaanza kulalamika. Baridi haiishi. Bei ya udongo wa miche imepanda. Talgat ananisumbua na dirisha lake. Nililalamika mpaka mdomo ukauma, sikugeuka.

Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu katikati. Frida alikuwa kichwa wazi, anaangalia mawingu, kofia kaikumbatia kifuani.

"Baridi kweli," akasema.

"Baridi, apa."

Somo langu ni hili: mtu akikuchukulia kitu, kabla hujampigia kelele mbele za watu, jiulize kwanza kama hajakutunzia. Na ukialikwa chai mahali, mwenyeji akakaa jikoni kuliko chai inavyohitaji, ndugu yangu, tumia akili.