Nzi wa Chupa za Jikoni

Wacera hawezi kuketi akatulia. Hata akiwa kazini, mguu wake wa kulia hupiga sakafu polepole, kama anayekanyaga cherehani. Alikuwa hivyo miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha kahawa cha Gakindu, akitembea kando ya meza za kukaushia huku vidole vikitoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizopoteza rangi. Wenzake walimtania kwamba kahawa mbovu ikimwona anakuja hujitoa mezani yenyewe.

Magoti yalipochoka alihamia kwa mwanawe, Ngugi, huko Gatitu, akaambiwa apumzike. Alipumzika wiki mbili. Ya tatu ilimkuta mtaani Skuta, mlangoni pa nyumba ya vyumba vitatu aliyokodi Nkatha, mtafiti wa wadudu kutoka Meru. Nkatha alitaka mtu mwenye macho na subira. Wacera alimwambia kwamba macho anayo. Subira hana, ila vidole vyake vinayo.

Mitego ilikuwa mahema madogo ya kitambaa, yametundikwa kwenye msitu wa mianzi mlimani. Mdudu hupanda kitambaa akitafuta mwanga, kisha hudondoka ndani ya chupa ya spiriti. Zachary, aliyeitunza mitego hiyo, alizileta chupa kila wiki mbili. Wacera alizimwaga kwenye sahani nyeupe na kuchambua kwa brashi: nyigu huku, mende kule, nzi hapa. Walioharibika kabisa, Nkatha alisema, mwaga.

Wacera hakumwaga. Kiwandani kahawa mbovu haitupwi. Hutiwa gunia lake, na gunia hubeba namba ya meza ilikotoka. Basi nzi wa mtego mmoja waliokosa mabawa aliwatia katika chupa moja ndogo ya dawa, yenye spiriti, pamoja na kipande cha karatasi chenye namba ya mtego na tarehe, kwa penseli. Rafu ilipojaa, alizibeba chupa hizo nyumbani kikapuni. Kibali cha utafiti kilikataza mdudu yeyote kutoka nje ya nyumba ile. Wacera alisomewa sheria hiyo siku ya kwanza, akaielewa kuwa inahusu wadudu wazima.

Jumanne moja mwezi wa sita, Nkatha aliwaita yeye na Zachary kwenye hadubini. Chini ya lenzi alikuwepo nzi wa rangi ya majani makavu, aliyekuwa amechanganywa na buibui kwa miguu yake mirefu kama yao, bila mabawa. Nkatha alieleza kwamba hakuvunjika. Bawa likikatika huacha kovu begani, na bega hili lilikuwa laini. Nzi huyu alizaliwa hivyo.

Alikuwa jike, na alikuwa peke yake. Hapo ndipo kazi ilipokwama, kwa sababu jamii za nzi wa aina hii hutenganishwa kwa kutazama ncha ya tumbo la dume. Bila dume, hakuna mtaalamu ambaye angeweza kusema kama ni wa kundi linalojulikana au ni kundi jipya. Na kurudi mlimani hakungesaidia: mianzi ulikokuwa mtego namba sita, alikonaswa huyu mwanzoni mwa mwaka, ilikuwa imechanua, ikakauka, na moto wa mwezi wa tatu ukaimaliza.

"Kuna mwenye ameona ingine kama hii?" Nkatha aliuliza.

Zachary alitikisa kichwa. Wacera naye akasema hajaona. Jibu lilimtoka kabla hajalipima.

Alikuwa amewaona makumi. Siku mbili zilizofuata hakumaliza kikombe cha chai. Alijiambia kwamba angefukuzwa na kibali cha Nkatha kifutwe, kisha akajijibu kwamba nzi wamekufa na hawana haraka. Alitembea hadi langoni, akarudi, akaenda tena. Mke wa Ngugi, Watiri, alimtazama mama mkwe wake kutoka mlango wa jikoni.

"Keti basi, Maitu. Ama kiti iko na moto?"

Alhamisi asubuhi alizitoa chupa nyuma ya debe la unga. Zilikuwa kumi na moja. Mbili zilikuwa zimekauka. Alimwaga moja kwenye kisahani, akachukua lenzi ya mkono na kutazama mabega. Laini. Kahawa iliyovunjika huonyesha ukingo mbichi. Hilo alilijua kuliko jina lake. Lakini kwa nzi, miezi minane ya kazi, hakuwa ametazama ukingo.

Alikwenda Skuta kwa miguu. Aliziweka chupa mbele ya Nkatha moja moja.

"Nilikudanganya, Daktari. Nimeziona. Nyingi."

"Na zimekuwa wapi?"

"Kwangu. Jikoni."

Nkatha aliweka brashi mezani. "Mama Ngugi, unajua kibali yetu inaweza enda?"

"Najua. Ndio maana nilinyamaza."

Nkatha aliinua chupa ya kwanza kwenye mwanga, akasoma karatasi iliyokuwa ndani. Mdudu asiye na mahali wala tarehe ni takataka. Hawa walikuwa navyo vyote viwili, na wengi walitoka mtego namba sita, kabla ya moto. Alimwambia Wacera akae mbali na meza, na kwamba barua ya kueleza yote ingekwenda kwa waliotoa kibali siku hiyo hiyo. Kisha akaanza kuchambua mwenyewe.

Wacera alitembea kati ya sinki na mlango. Saa nzima ilipita. Nkatha alinyoosha shingo, akasema wote ni majike.

"Nitazame tu," Wacera alisema. "Sitagusa."

Nkatha alisita, kisha akamwachia kiti. Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika sahani ya nne mguu wa Wacera uliacha kupiga sakafu.

"Huyu amekunja mkia. Kama punje yenye imejikunja ndani."

Nkatha aliinama kwenye lenzi, akakaa hapo muda mrefu. Alikuwa dume, ncha ya tumbo imejificha chini. Kabla ya saa sita walimpata wa pili.

Barua ya onyo ilifika, na Wacera aliondolewa mezani miezi mitatu. Nkatha hakumtetea, aliandika kilichotokea, akaishia hapo. Wacera aliosha chupa na kukata karatasi za lebo, akiwa amesimama. Karibu na mwisho wa adhabu, mtaalamu aliyetumiwa madume yale alijibu kwamba hawaingii katika kundi lolote analolijua, akawatengea lao. Mwingine alimpinga. Wacera aliuliza ni lini watajua nani yuko sawa. Nkatha alisema huenda nzi hao wakahamishwa kundi hadi kundi, tena na tena.

Siku aliyorudi kitini, kando ya sahani kulikuwa na chupa tupu ya kutilia waliokosa mabawa. Nkatha alishika penseli akauliza waandike nini juu yake, maana neno *walioharibika* hawaliandiki tena.

Wacera alifikiri.

"Andika *bado*," alisema, akavuta sahani karibu, na mguu ukaanza kupiga sakafu.