Treni Nilizomhesabia Babu Dereva

Mwezi uliopita nilikwenda Iringa mjini kumwona mdogo wangu aliyejifungua, nikamkuta mtoto wake mkubwa amelala kifudifudi kwenye zulia, macho kwenye treni ya betri. Ilikuwa nzuri kweli. Ina taa mbele, inapiga honi, inazunguka kwenye reli yake ya plastiki bila kuchoka. Nikamwuliza inakwenda wapi. Akanitazama kwa kunihurumia. "Haiendi popote, mama mkubwa. Inazunguka tu."

Nikatoka nje, nikajifanya nageuza nguo zilizoanikwa. Mdogo wangu akanifuata na mtoto mchanga kifuani. Yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni wakati mambo haya yanatokea, ameyasikia vipande vipande tu. Wewe sijawahi kukusimulia hata kipande kimoja, na tumejuana miaka yote hii.

Tulikuwa tunaishi Ilomba, pale Mbeya, enzi ambazo Ilomba ilikuwa bado na mashamba ya mahindi kati ya nyumba na nyumba. Asubuhi za mwezi wa sita ulikuwa unatoka nje na pumzi yako inaonekana kama moshi. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuchota maji, kufagia uwanja na kupeleka sahani ya kifungua kinywa kwa jirani: magimbi ya kuchemsha, au viazi, na chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati kilichofunikwa kisosi. Chai ikimwagika njiani nilikuwa nasikia maneno ya mama hadi jioni.

Jirani huyo alikuwa Mhehe wa Mufindi, mzee mrefu mwenye mguu mbovu, aliyeendesha treni maisha yake yote kwenye reli ya kwenda Zambia. Mtaa mzima ulimwita Babu Dereva. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake ameolewa Iringa, na injini zilikuwa zimemla masikio. Hakuwa anasikia kitu ila ukimpigia kelele kwenye sikio la kulia, na hata hapo alipata nusu. Watu walikuwa wanamheshimu, wanampungia mkono wakipita, ila kuzungumza naye kuliwachosha. Walimsalimia "Kamwene!" kwa sauti kubwa, akaitikia, basi, wakaendelea na safari zao.

Mimi sikuchoka, kwa sababu ya ile reli iliyokuwa nyuma ya nyumba yake.

Alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake. Vyuma vyake vilikuwa waya wa seng'enge ulionyooshwa kwa nyundo, na mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yalikuwa vipande vya mianzi alivyovikata kimoja kimoja kwa urefu uleule. Injini aliitengeneza kwa kopo la mafuta ya kupikia, mabehewa kwa makopo ya dagaa, na magurudumu kwa vizibo vya soda alivyovigonga bapa viwiliviwili, kimoja kikubwa kuliko mwenzake ili gurudumu lisiteleze nje ya waya. Ilianzia ukutani kwa jikoni, ikapita chini ya mti wa pasheni, ikazunguka banda la kuku. Stesheni zilikuwa vitofali vya udongo vilivyoandikwa kwa chokaa: Tunduma, Mbeya, Inyala, Chimala, Rujewa, Makambako. Baada ya Makambako reli ilishuka kwenye kishimo na kuingia kwenye kipande cha bomba. Hayo ndiyo mahandaki ya kuteremkia Mlimba. Mbele ya bomba kulikuwa na kitofali kimoja kisicho na jina. "Hapo anakaa mdogo wangu," aliniambia. "Hakuna barabara. Gari halifiki. Ni treni tu."

Sasa sikiliza mchezo wetu ulivyokuwa. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mwinuko, ukisimama juu yake unaiona reli yenyewe kule bondeni. Mimi nilikuwa nasikia honi, napanda mbio, nahesabu mabehewa, kisha nakimbia kwa Babu Dereva kumwonyesha kwa vidole. Mkono ukielekea Uyole, treni imekwenda mashariki. Ukielekea Mbalizi, imekwenda Tunduma. Kiganja kifuani maana yake ni treni ya abiria. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna kitu leo. Nikishamwambia, alipiga goti lake zima chini, akaunga idadi ileile ya makopo, akaisukuma treni yake kwa kidole, stesheni hadi stesheni, huku akinieleza kwa ile sauti yake kubwa ya viziwi: hapa unapunguza mwendo, hapa kuna kona, hapa ng'ombe wa Usangu wanapenda kulala relini kwa sababu chuma kina joto. Mwalimu wetu wa jiografia hakuwa ananishinda tena. Nilizijua stesheni zote, kwenda na kurudi.

Nilikuwa na miaka kumi. Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kuacha kazi yake ili anisikilize mimi.

Mwaka ule masika yalikuja vibaya. Mvua ilinyesha mpaka kuta za choo chetu zikaanguka. Siku moja honi haikusikika. Ya pili hivyohivyo. Baba alisema amesikia mjini kwamba maji yamekata tuta la reli huko mbele ya Makambako na treni zimesimama mpaka wamalize kujaza. Alilisema hilo mezani, akipuliza uji, kama habari nyingine yoyote. Nadhani kila mtu mtaani alidhani mwenzake amekwishamwambia Babu Dereva. Hakuna aliyemwambia. Mimi ndiye niliyekuwa redio yake.

Siku ya kwanza nilimwonyesha ngumi. Akaitikia kwa kichwa, sawa. Siku ya pili ngumi. Siku ya tatu alikuwa ananisubiri mlangoni, na nilipokunja vidole uso wake ulishuka, akarudi ndani, na asubuhi yake niliikuta sahani ya viazi haijaguswa. Siku ya nne nilisimama mbele yake na mkono wangu wenyewe ukafunguka. Mabehewa kumi na manne, kuelekea Uyole.

Akacheka! Alipiga goti matopeni na kuanza kuunga makopo.

Ningependa kukuambia nilifanya vile kwa huruma tu. Huruma ilikuwepo. Lakini pia nilitaka mchezo uendelee, na niligundua kwamba kubuni treni ni rahisi kuliko kupanda mwinuko kwenye mvua. Kesho yake nilimpa mabehewa ishirini. Keshokutwa nikampa treni ya abiria. Nilikuwa mwangalifu, nazipanga siku zilezile za abiria za kawaida ili asishtuke. Nilipeleka hivyo zaidi ya wiki mbili, na sahani ilikuwa inarudi nyeupe.

Katikati ya uongo huo ikaja barua, imeletwa na dereva wa lori aliyekabidhiwa Makambako. Sikujua kilichoandikwa ndani. Nilichoona ni kwamba Babu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kisha akaniuliza, "Treni ya abiria ya kwenda chini, Mlimba, inapita lini tena?"

Nikahesabu siku kichwani kama nilivyokuwa nahesabu zote, nikamwonyesha vidole vitano. Siku tano.

"Vizuri," akasema. "Nitawahi."

Sikuuliza anawahi nini. Mtoto wa miaka kumi haulizi.

Siku ya tano nilirudi shuleni mchana nikaikuta nyumba yake imefungwa kwa kufuli. Mama alikuwa anachambua maharage kibarazani. "Babu yako amepelekwa stesheni kwa baiskeli tangu asubuhi," akasema. "Mdogo wake yu mahututi, ndiyo barua ile. Sasa mimi najiuliza anakwenda na treni gani."

Nilitupa daftari na kukimbia. Kutoka Ilomba hadi stesheni si karibu kwa miguu ya mtoto. Nilipofika nilikuwa na kichomi na viatu nimevishika mkononi. Jengo lile kubwa lilikuwa tupu, kiasi kwamba nilisikia nyayo zangu. Yeye alikuwa peke yake kwenye benchi, amevaa koti lake zito na kofia ya kazi, begi magotini, juu ya begi mkate umefungwa kwa gazeti. Alikuwa anaangalia upande wa Tunduma, treni ilikotakiwa kutokea. Stesheni masta alikuwa amesimama kando yake, amechoka.

"Nimemwambia mpaka sauti imenikauka," yule bwana akaniambia. "Nimemwandikia hata kwenye karatasi. Hataki. Anasema ana mtu wake anayeziona."

Babu Dereva aliponiona akanyanyuka, akanishika bega kwa furaha. "Huyu hapa! Mjukuu wangu. Bwana huyu ananiandikia eti tuta limekatika, treni hakuna. Mwambie, mama. Mwambie juzi imepita."

Nilisimama pale. Naliona benchi lile hata sasa, ubao wake wa kijani uliochubuka. Niliinua mkono, nikaukunja ngumi.

Hakuelewa mara moja. Aliitazama ngumi, akanitazama mimi. "Leo hakuna?"

Nikatikisa kichwa. Si leo tu.

"Tangu lini?"

Nikafungua vidole vyote kumi. Nikavifunga. Nikavifungua tena vyote.

Aliketi. Alivua kofia akaiweka juu ya mkate. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Stesheni masta aliinama karibu na sikio lake akamwambia jambo juu ya malori ya Makambako, naye akaitikia, ndiyo, ndiyo, bila kumtazama. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nyuma yake, yeye akiuburuza ule mguu. Hakugeuka njia nzima.

Alfajiri yake alipanda lori Uyole mpaka Makambako. Kutoka hapo akafuata reli kwa miguu, pengine akipata lifti ya kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, cha mafundi waliokuwa wanajaza tuta. Ilimchukua siku tatu. Alimkuta mdogo wake amezikwa juzi yake. Haya aliyasimulia kwa baba, kibarazani kwetu, wiki kadhaa baadaye, amekonda hata koti linampwaya. Nilikuwa nyuma ya pazia. "Ningeondoka siku ile ya barua," alisema kwa sauti ile asiyoweza kuipunguza, "ningemkuta anaongea."

Mama alinitafuta chumbani. Hakunipiga. Alinifuta uso kwa kanga yake akaniambia, "Nenda kamwombe radhi. Usinitume mimi, nenda wewe."

Nilimkuta nyuma ya nyumba. Reli haikuwepo. Waya ulikuwa umeviringishwa umetundikwa kwenye msumari, makopo yamewekwa bandani kuku wanywee maji, na pale palipokuwa Makambako alikuwa anachimba mashimo ya maharage. Nilipiga magoti kwenye udongo, nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia na kupiga kelele mpaka nikakohoa, "Nisamehe, Babu!"

Alifukia mbegu aliyokuwa nayo. Kisha akasema, safari hii kwa sauti ya chini, sijui alijuaje kuipunguza, "Nimekusamehe, mama. Uliniona nina huzuni, ukanionea huruma. Lakini mimi sikukuomba huruma. Nilikuomba macho." Akanipa mkono ninyanyuke, akanigawia nusu ya mbegu zilizobaki, tukapanda pamoja mpaka mwisho wa tuta. Tangu siku hiyo alikula chakula nilichompelekea, akanishukuru, akaniuliza habari za shule. Habari za treni hakuniuliza tena. Honi ziliporudi nilisimama juu ya mwinuko nikihesabu mabehewa kumi na sita, na sikuwa na wa kumpelekea.

Kabla ya kipupwe kilichofuata binti yake alikuja kumchukua, akamhamishia Iringa. Tukasikia kwamba amefariki baada ya kuwa tumechelewa hata kwenda kuhani.

Pale nyuma ya nyumba yake sasa pana vyumba vya kupangisha, sita kwa mstari, na sakafu ya saruji. Mwinuko wetu umejengwa mpaka kileleni, huwezi kuliona bonde. Watoto wa mtaa wanajua bodaboda na mabasi, na ukiwauliza treni inapita lini wanakuambia hawajui, siku nyingine inapita. Baba na mama wamelala makaburini Ilomba. Yule stesheni masta sikuwahi hata kulijua jina lake.

Mwaka jana nilipata safari ya Dar es Salaam, nikaamua kwenda na treni, mara yangu ya kwanza maishani. Baada ya Makambako nilihamia dirishani. Mahandaki yalipoanza nilikuwa nayahesabu kimoyomoyo, na tulipotoka kwenye moja nikaona kijiji kidogo, migomba na mabati machache, treni ikasimama dakika mbili tatu. Mama mmoja alikuja chini ya dirisha na sinia la ndizi. Nikamwuliza juu ya mzee wa Kihehe aliyeishi pale zamani, mwenye kaka dereva wa treni. Alifikiri kwa uso mwema. "Aa, dada, hao sijawakuta. Labda watu wa zamani. Na wa zamani wameshahama wote." Nikachukua ndizi, honi ikalia, tukaondoka.

Ndipo nikajua kwamba hakuna tena mtu wa kuniuliza. Mgonjwa aliyemngoja kaka yake hayupo, kaka naye hayupo, na waliokuwa wanajua kosa langu wamekwenda nalo. Tumebaki mimi, na sasa wewe, tunaojua kwamba mzee mmoja alikaa stesheni tangu asubuhi na mkate wake, akikataa kuamini karatasi ya serikali, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa amemwambia treni inakuja.