Kuku Aliyetagia Kwenye Pikapu Yetu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mikono yangu ikiwa bado ina nguvu za kuchuma majani chai kutwa nzima, hapa nyumbani tulikuwa na magari mawili. Moja lilikuwa zuri, ambalo mume wangu alikuwa akienda nalo mjini Bomet. La pili lilikuwa pikapu kuukuu iliyosimama kando ya zizi, magurudumu yamezama kwenye nyasi. Fundi wa Litein alikuwa amesema injini ifunguliwe yote. Mume wangu akataka tuiuze, na bonasi ya chai, yale malipo ya mwisho wa mwaka, inunue ng'ombe wa maziwa. Mimi nikasema bonasi iende kwenye injini. Pikapu hiyo ilinileta hapa nikiwa bibi harusi, ikawaleta wanangu wote kutoka hospitali! Ungekubali iende?

Nikamwita mama mkwe aje atuamue, nikijua atakuwa upande wangu. Akaja, akafungua mlango wa dereva, akaruka kinyumenyume. Kuku wangu mwekundu alikuwa amelalia mayai kwenye kiti, amemkodolea macho. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hii gari imepata mwenyewe," akasema. Kisha akanigeukia. "Mama Chebet, ukitengeneza hii gari, utaenda nayo wapi?"

Nikazihesabu safari zangu moja moja. Majani yalichukuliwa na lori, watoto walikuwa shule ya bweni, na sokoni nilienda kwa boda. Nilichotaka hasa ni siku zile zirudi, na hiyo si kazi ya fundi. Nikaanza kucheka na mimi.

Pikapu tukamuuzia Cherono, muuza kabichi wa Ndanai, naye kwa hisani yake akangoja vifaranga watoke kwanza. Ng'ombe tukanunua. Siku Cherono alipopita hapa mara ya kwanza, kabichi zimejaa mpaka juu, alipiga honi nikatoka mbio. Nilifurahi, mwanangu, nikampungia mkono mpaka akapinda kona.

Sasa umenijia na hilo gari lako la pili linalokunyima usingizi. Uzee wake usikutishe. Jiulize tu utaenda nalo wapi. Ukipata jibu, lipeleke kwa fundi kesho, na wanaokucheka waache wacheke. Ukikosa, mpe mwenye safari. Kumbukumbu zako hakuna atakayekudai.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu, na kila uendako awepo mtu anayekungoja kwa furaha.