Mshauri Aliyeambiwa Akamwone Mshauri

Walionifahamu kabla sijaumwa watakwambieni kuwa Zuwena wa Kiuyu alikuwa mcheshi hata kwenye foleni ya maji. Mimi ni mshauri nasaha katika hospitali moja ya kaskazini mwa Pemba. Aliyepewa majibu mazito ya vipimo, aliyefiwa na mtoto, kijana anayetaka kuacha unga wa kulevya, wote huletwa kwangu. Kazi hii niliipenda, na bado naipenda.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu akahamishiwa Unguja na nafasi yake haikujazwa. Chumba chenyewe nikagawana na maboksi ya vyandarua. Tena kwetu hapa sote ni jamaa. Mtu akinikosa hospitali hunifuata harusini, akanishika mkono mbele ya sinia la pilau na kunieleza mambo ya mumewe. Kukataa niliona haya.

Mwili ndio uliokataa. Shingo ilikaza, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, moyo ukaenda mbio hata nimekaa. Kisha nikawa natapika kila asubuhi. Mama mkwe wangu, Bi Time, aliposikia akaniletea ndimu.

"Alhamdulillah, twapata ntoto," akasema, nami nina miaka arobaini na sita. Nilicheka mpaka nikatapika tena.

Lakini lililonitisha ni jengine. Siku moja mama mmoja alilia mbele yangu, nikawa namtazama kama natazama ukuta. Nilimpa kitambaa, nikasema maneno yote niliyofundishwa, na moyoni hamna kitu. Niliogopa sana. Mshauri asiyehisi chochote atamsaidia nani?

Nikaenda kwa daktari, kijana aliyeletwa karibuni kutoka Unguja. Akapima malaria, presha, sukari, na mimba pia ili Bi Time aridhike. Vyote salama. Akaniuliza habari za usingizi, chakula na kazi, nikamjibu bila kuficha.

"Mama, huu ni uchovu wa kazi uliopita kiasi," akasema. "Unahitaji mtu wa kuzungumza naye. Nenda chumba cha ushauri, kule nyuma ya dirisha la dawa. Yupo Bi Zuwena, wanamsifu sana."

"Daktari, Bi Zuwena ndiye mimi."

Akaitazama kadi yangu, akanitazama mimi, tukacheka sote wawili. Kicheko changu kikageuka kilio. Yeye akafunga mlango, akakaa nami mpaka nikamaliza. Kisha akaenda mwenyewe kwa mkubwa wa hospitali kumwambia kwamba mgonjwa huyu hatuna pa kumpeleka.

Nikapewa likizo, nikaenda Mgogoni kwa shangazi yangu, Bi Mkasi. Habari zikafika kabla yangu, na majirani wakaanza kuja na matatizo yao. Shangazi akawawekea jamvi na rundo la karafuu za kutolewa vikonyo.

"Mwenye neno na Zuwena achambue kwanza," akawaambia.

Walichambua, wakaelezana wenyewe kwa wenyewe, wakaenda zao. Mimi nilikuwa ndani nimelala fofofo. Nilipoanza kula vizuri, shangazi akanikalia karibu.

"Mwanangu, mganga hajigangi. Weye wasikiliza kila ntu. Weye wasikilizwa na nani?"

Sikuwa na jina la kumtajia.

Sasa ninalo. Daktari yule hakuchoka kuwasumbua wakubwa mpaka tukaletewa Salma, mshauri wa pili. Kila Alhamisi tunafunga mlango, ananisikiliza nami namsikiliza. Harusini nikishikwa mkono nasema, "Njoo kesho hospitali, habibti." Vyandarua bado vipo, lakini tumevizoea.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, na waliokuwa sababu. Wenzangu mnaobeba maneno ya watu, mwili ukigoma msiubembeleze kwa panadoli. Na nyinyi wakubwa wetu, semina za kutuambia tujitunze tunazipenda, chai yake nzuri. Lakini tuleteeni watu.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Akanieleza kwamba bado kila asubuhi anatia chai vikombe viwili, kisha anakumbuka. Nikaona mbele kumefanya ukungu, na shavu limelowa. Mzee akainama kunitazama, kaingiwa na wasiwasi.

"Nimekuliza, mwanangu?"

"Umeniliza, mzee wangu," nikamjibu. "Mungu akulipe kheri."